Gilda tatu za dohani chafu
Ukiuliza Marekani vikosi vya zimamoto vya wananchi vilianzia wapi, wengi watakutajia Philadelphia na Benjamin Franklin, aliyesaidia kuanzisha Union Fire Company mwaka 1736. Wana haki. Wanachama wale hawakusukumwa na mtu: kila mmoja aliweka tayari ndoo zake za ngozi, na moto ukizuka alikimbilia nyumba ya mwenzake. Moyo wa namna hiyo hauamrishwi.

Lakini Waholanzi wa New Amsterdam, mji ambao Waingereza waliutwaa mwaka 1664 na kuuita New York, wanadharauliwa kwa sababu wao walianza na faini.

Ni kweli amri yao ya kuzuia moto, ya Januari 1648, ilitoka kwa Peter Stuyvesant, mkuu aliyewekwa na Kampuni ya West India, kampuni ya biashara ya Kiholanzi iliyotawala mji huo, ambaye hakuna mkazi aliyempigia kura. Mwaka uliofuata wakazi waliandika malalamiko marefu juu ya utawala wa kampuni na kuyapeleka Uholanzi. Anayesema kutii amri si ujirani ana hoja.

Sasa tuitazame amri yenyewe. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao zilizoezekwa matete, na dohani nyingine zilikuwa za mbao vilevile. Kujenga dohani mpya za mbao kukapigwa marufuku. Wakateuliwa wakaguzi wanne: mmoja mtu wa kampuni, na watatu wakazi, akiwemo Martin Krigier, mwenye baa. Dohani ikikutwa chafu, mwenyewe alilipa gilda 3, fedha ya Kiholanzi ya wakati huo. Nyumba ikiungua kwa uzembe wake, gilda 25. Na fedha hizo zilitengwa kununulia ngazi, kulabu na ndoo.

Hapo mimi hutafakari kwa muda mrefu. Masizi ya mtu mmoja yaligeuka ndoo ya mtaa mzima, na aliyetozwa leo kwa hasira ndiye ambaye kesho angeokolewa kwa ndoo ileile. Tena haya yalifanyika jikoni, kabla cheche haijaruka, na mkaguzi aliyebisha hodi alikuwa mtu mliyekutana naye baa jana. Huo kwangu ni ujirani, hata kama ulianza kwa kulazimishana.

Mwishoni mwa 1657 kila nyumba ilitakiwa kuchangia ngozi moja ya biva, mnyama wa mtoni aliyekuwa uti wa biashara yao, au gilda 8. Mwaka 1658 mafundi viatu wa mjini wakapewa kazi ya kushona ndoo 150, na walinzi wakaanza kuzunguka usiku wakiwa na vyombo vya mbao vya kupigia kelele.

Franklin mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kikosi chake, aliandika gazetini akitaka wasafisha dohani wapewe leseni na meya, na dohani ikiwaka moto ndani ya siku 15 baada ya kusafishwa, faini ailipe aliyeisafisha.