Msamaha Umepatikana, na Mpaka wa Shamba Je?

Nilipokuwa kijana, mzee mmoja wa usharika wetu huko Uchagani alisimama mbele ya madhabahu Jumapili moja akakiri kwamba alikuwa amesogeza masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, na kujimegea sehemu ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha jirani yake mjane. Mchungaji alimwombea, waumini wakamkumbatia, akarudi kundini. Jumatatu masale yalikuwa palepale alipoyahamishia.

Sina shaka kwamba Mungu alimsamehe. Warumi 6:23 inasema mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele. Na mshahara mtu huudai kwa sababu ameutolea jasho, ilhali karama hakuna awezaye kuidai, hata aliyetubu kwa machozi. Imani hiyo naishika kwa moyo wangu wote. Ninachokikataa ni mazoea ya kudhani kwamba dhambi ikishasamehewa, madhara yake nayo yamekwisha, na kwamba aliyeumizwa akiyataja anafukua makaburi.

Daudi alipokiri kumtwaa mke wa Uria na kumuua Uria mwenyewe kwa upanga wa Waamoni, nabii Nathani alimjibu papo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake na hatakufa. Lakini katika mazungumzo hayohayo alikuwa ameshaambiwa kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake, na kweli mwanawe Amnoni aliuawa kwa amri ya ndugu yake Absalomu, kisha Absalomu naye akaasi, akafa akining'inia mtini, baba yake akimlilia. Daudi alikuwa amesamehewa muda wote huo, na Uria hakufufuka.

Zakayo ndiye anayenifundisha zaidi. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti moja, kwa hiyo neema ndiyo iliyotangulia. Hata hivyo, alipoipokea, Zakayo alisimama mwenyewe akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na aliowanyang'anya kuwarudishia mara nne, kipimo kilekile ambacho Torati iliweka kwa mwizi wa kondoo. Hakuwa akiununua wokovu. Alikuwa ameshapata nguvu ya kutazama madeni yake bila kujificha. Neema isiyomfikisha mtu kwa jirani aliyemdhulumu, naona bado hajaipokea, ameisikia tu.

Kwetu sale lina kazi mbili: huonyesha mpaka, na jani lake ndilo mtu hulishika anapokwenda kuomba radhi. Miezi kadhaa baadaye yule mzee alikwenda kwa mjane akiwa na jani mkono mmoja na jembe mkono wa pili. Mama alilipokea jani bila kusema neno, akasimama kwenye migomba akimwangalia aking'oa masale, shina kwa shina, na kuyarudisha mahali ambapo marehemu mumewe aliyapanda.