Isoma isiyokaa chupani nayo ifundishwe

Wanafunzi wa kidato cha tano na sita hapa Mwanza huchora isoma, yaani molekuli zenye atomu zile zile zilizopangwa tofauti, kwa ustadi. Wape C₄H₁₀O, watakujazia ukurasa. Kinachonikera mimi, mwalimu wa kemia, ni imani wanayotoka nayo darasani: kwamba isoma halali ni ile yenye chupa yake stoo. Isiyodumu tunaikata mstari, tunaandika "haipo", mada inasonga.

Kanda ya Ziwa hatuna kisingizio. Muhogo mchungu hulowekwa au kuvundikwa, ukaanikwa mpaka ukawa udaga, kwa sababu hutoa haidrojeni sianidi, HCN. Bibi zetu kule Ukerewe wanaiheshimu sumu hiyo bila kuhitaji fomula. Lakini atomu zile zile tatu, haidrojeni ikishika nitrojeni badala ya kaboni, zinatoa HNC. Nishati yake iko juu ya HCN kwa takriban kilojuli 60 kwa moli, na ukitaka kuiweka akiba inakuponyoka, inarudi kuwa HCN.

Ilikamatwaje basi? Mwaka 1963, kule Marekani, wanakemia Dolphus Milligan na Marilyn Jacox waligandisha kiwanja kiitwacho methili azidi ndani ya gesi ya argoni kwenye baridi kali mno, kisha wakaimulika kwa mwanga wa urujuanimno. HNC ikazaliwa ndani ya barafu ile ya argoni, kila molekuli imefungiwa peke yake, haina wa kugongana naye. Wakapitisha miale ya infraredi.

Hapa ndipo utamu ulipo. Kupima uzito hakusaidii, zote mbili ni 27. Mitetemo ndiyo inayosema. Zikiwa gesi, bondi ya C–H katika HCN hufyonza miale hiyo karibu na 3,311 kwa sentimita (kipimo cha mtetemo; kila mfyonzo huonekana kama mstari). Ya N–H katika HNC, karibu na 3,653. Mtetemo wa kupinda ni 712 kwa HCN na 464 kwa HNC. Mwanafunzi mwepesi atasema kesi imekwisha. Haijaisha! Mvuke wa maji nao una mstari wake 3,657, na maji hujipenyeza kwenye kila kifaa. Ukidai umeona isoma mpya kwa mstari mmoja tu, huenda umeona unyevu.

Dawa yake ni kubadilisha haidrojeni kwa deuteri, atomu nzito zaidi. Darasani tunaweza kukokotoa: ukichukulia N–H kama jozi iliyojitenga, mstari unatakiwa ushuke hadi karibu 2,670. Kipimo halisi cha DNC, yaani HNC yenye deuteri, ni takriban 2,787. Tofauti hiyo ndiyo ningependa wanafunzi wagombane juu yake kipindi kizima, kwa sababu jibu liko upande wa pili wa molekuli: mtetemo wa N–C nao umeshuka, kutoka 2,024 hadi karibu 1,940. Atomu zote tatu zinacheza pamoja. Tena, ukiweka nitrojeni-15, iliyo nzito kuliko ya kawaida, mistari ya HNC husogea kidogo. Ya maji haisogei, maana maji hayana nitrojeni ya kubadilishwa.

Miaka michache baadaye darubini za redio ziliikuta HNC angani, katika mawingu yenye baridi kali, kwa wingi unaokaribiana na wa HCN. Huko hakuna wa kuisukuma irudi.

Najua nitakachojibiwa: shule zetu hazina spektrometa, kifaa cha kupima mistari hiyo, na mtihani hauulizi hayo. La mtihani nakubali, linaudhi. La spektrometa silikubali. Namba hizi zinaenea kwenye nusu karatasi na kikokotoo kinatosha. Wapeni wanafunzi safu mbili za mistari zisizo na majina, waseme ipi ni ya HCN na ipi ya HNC, na watoe sababu. Halafu chomekeni 3,657 ya maji humo katikati, kimya kimya, muone nani ataishtukia.