Dhahabu ya Sekenke na matumaini ya nikeli

Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walitengeneza mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke, Iramba. Zaidi ya karne imepita, na ukanda ule wa miamba ya kijani, yaani lava za kale zilizogeuka rangi, bado haujapekuliwa kama ule wa Usukuma, uliotupa Geita na Bulyanhulu.

Wanaosema twende huko tukatafute dhahabu na nikeli wana hoja nzito. Miamba ni ya rika moja na ile ya Usukuma, zaidi ya miaka bilioni 2.5: lava za kale na tabaka za chuma zilizokunjwa na kupasuka, maji ya moto yakapita kwenye nyufa na kuacha dhahabu. Mgodi wa Singida, ulioanza kuzalisha mwaka 2023, umeonyesha kwamba ukanda huo haujaisha. Tena sehemu kubwa imefunikwa na udongo mweusi wa mbuga. Watafutaji wa zamani walifuata mawe meupe yaliyochomoza juu, kwa hiyo pale tunapoambiwa hapana kitu, mara nyingi hakuna aliyewahi kuchoronga, yaani kutoboa mwamba na kutoa sampuli. Wizara ya Madini yenyewe iliwahi kusema ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa ndege kwa undani, na inataka ifike asilimia 50 ifikapo 2030.

Kwenye nikeli naomba tupunguze mwendo. Hazina ya nikeli ya Kabanga, kule Ngara, inatajwa kila mara kama ushahidi, lakini haimo kwenye mikanda ya kijani kabisa. Imo kwenye miamba michanga zaidi, ya miaka kama bilioni 1.4. Kambalda ya Australia Magharibi, iliyogunduliwa mwaka 1966, ndiyo nikeli ya miamba ya kijani, nayo imekaa chini ya lava za aina ya komatiti, lava za kale zenye magnesiamu nyingi. Kwetu lava hizo ni nadra. Anayewaahidi wanakijiji nikeli kwa sababu tu ardhi yao imo ndani ya ukanda wa kijani anawapa matumaini yasiyo na msingi.

Wenye shaka nao wasipuuzwe. Uchorongaji ni ghali na maeneo mengi hayafiki kuwa mgodi, kwa hiyo wapo wanaochukua leseni ya utafutaji na kuikalia wakingoja bei ipande. Huku nje wachimbaji wadogo, ambao mara nyingi maduara yao, yaani mashimo wanayochimba kwa mkono, ndiyo yaliyomwonyesha mwenye mtaji pa kuchoronga, wanaitwa wavamizi. Bulyanhulu waliondolewa Agosti 1996, na machungu yake yanasimuliwa hadi leo.

Mimi naona utafutaji uendelee, ila mpangilio ugeuzwe. Taasisi ya Jiolojia, GST, irushe ndege kwanza Iramba na Nzega na iweke ramani wazi kwa wote. Maeneo ya wachimbaji wadogo yatengwe kabla leseni kubwa hazijagawiwa, maana baada ya hapo kinachobaki ni kufukuzana. Fedha ya umma itatumika, ndiyo, na baadhi ya vipimo vitatoka bila kitu. Lakini ramani inayoonyesha mahali pasipo na dhahabu humwokoa mchimbaji wa Iramba asiuze ng'ombe wake ili achimbe duara pale.

Sehemu ya ukanda mwingine wa kijani, wa Kilimafedha, imo ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Hiyo ibaki kama ilivyo.