Jumba la Sanaa la Johannesburg libaki Joubert Park

Kila mjadala kuhusu Jumba la Sanaa la Johannesburg unapozuka, husikika watu wakitaka hazina yake ihamishwe moja kwa moja kutoka Joubert Park, bustani iliyo katikati ya jiji, ipelekwe kwenye kitongoji chenye utulivu zaidi. Naielewa hofu yao, kwa kuwa katikati ya jiji hilo kumechakaa kwelikweli. Hata hivyo sikubaliani nao, na sababu zangu zimo katika historia ya jumba lenyewe.

Johannesburg ulikuwa mji mchanga, uliozaliwa na dhahabu mwaka 1886, wakati Florence Phillips, mke wa tajiri wa migodi Lionel Phillips, alipoanza kuwashawishi matajiri wenzao, akiwemo Otto Beit, watoe fedha za kununua kazi za sanaa kwa ajili ya umma. Yeye mwenyewe aliuza pete yake ya almasi ya buluu ili kupata michoro ya kwanza, iliyokuwa ya Mwingereza Philip Wilson Steer. Kazi ya kuchagua alikabidhiwa Hugh Lane, aliyekuwa ameanzisha jumba la sanaa la manispaa ya Dublin mwaka 1908, naye akaleta kazi za Pissarro, Sisley, Monet na Rodin wakati ambapo majumba makubwa ya London yenyewe yalikuwa bado yanasitasita kuwapokea wasanii hao waliofanya kazi Ufaransa. Mkusanyiko huo ulionyeshwa kwa wakazi wa Johannesburg mwaka 1910, na jengo lililobuniwa na Edwin Lutyens likafunguliwa mwaka 1915 kabla halijakamilika.

Ulikuwa uchaguzi wa kijasiri, lakini macho yake yote yalielekea Ulaya. Watu weusi, ambao jasho lao ndilo lililochimba dhahabu iliyolipia michoro hiyo, hawakuwa na kazi yao hata moja ukutani hadi mwaka 1940, jumba liliponunua picha ya Gerard Sekoto inayoonyesha nyumba za manjano katika mtaa mmoja wa Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg. Sekoto alizaliwa mwaka 1913 katika kituo cha misheni cha Botshabelo, akaja Johannesburg akiwa kijana na kuishi Sophiatown, hivyo alichora alichokiona akitoka mlangoni. Mwaka 1947 aliondoka kwenda Paris, na huko Ufaransa ndiko alikofia mwaka 1993 bila kurudi kuishi nyumbani. Mwaka 1955 serikali ya ubaguzi wa rangi ilianza kuwahamisha wakazi wa Sophiatown kwa nguvu na kubomoa nyumba zao, kisha pakajengwa kitongoji cha Wazungu kilichoitwa Triomf, yaani ushindi. Kwangu mimi, picha hiyo ya Sekoto ndiyo kazi yenye thamani kuu kuliko zote humo, na ningeitaja kabla ya Monet bila kusita, kwa sababu imehifadhi mtaa ambao dola iliamua kuufuta.

Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980, jumba lilijitahidi kuziba pengo hilo kwa kukusanya kazi za wasanii weusi, ushanga, na mito ya kichwa ya kuchongwa kwa mbao, mikusanyo ambayo zamani ingepelekwa kwenye makumbusho ya mila tu.

Sasa tatizo ni paa. Shaba iliyoezekea upanuzi wa miaka ya 1980 imeibwa, mvua inapenya, na mwaka 2017 jumba lililazimika kufungwa kwa muda kwa sababu ya maji. Mwenye mali ni halmashauri ya jiji, na mwenye mali hawezi kujitoa katika wajibu wa kuezeka kwa hoja kwamba mtaa umebadilika. Waliobadilisha mtaa huo ni wakazi wake wa leo, wakiwemo wahamiaji kutoka Zimbabwe na Kongo, pamoja na wapiga picha ambao kwa miongo mingi wamefanya kazi zao ndani ya bustani ya Joubert Park. Hao wanaweza kuingia kwa miguu. Jumba likihamia mbali, watahitaji nauli, na wengi hawataenda.

Kazi zilizo hatarini zitolewe wakati wa ukarabati, hilo halina ubishi. Lakini kabla kreti la kwanza halijapakiwa, halmashauri itangaze orodha ya kila kazi inayotoka, mahali itakapohifadhiwa, na tarehe ya kurudishwa Joubert Park.