Psara: Kuzuru Mahali pa Msiba

Hoja ya kwamba mahali palipomwagika damu pasigeuzwe kivutio cha watalii ina uzito, na anayetaka kuipinga inampasa kwanza aikubali nusu yake. Psara ni kisiwa kidogo cha Ugiriki katika Bahari ya Aegea, magharibi ya kisiwa cha Chios, chenye kijiji kimoja na wakazi wasiofika 500. Mwaka 1824, wakati wa vita vya Wagiriki vya kujikomboa kutoka Dola ya Osmania, majeshi ya Sultani yalikivamia kikiwa kimefurika wenyeji na wakimbizi, baadhi yao wakiwa wamenusurika mauaji yaliyofanywa na Waosmani huko Chios mwaka 1822. Maelfu waliuawa au waliuzwa utumwani. Waliowahi merikebu walitawanyika. Watetezi wa mwisho, waliojifungia katika ngome iliyo juu ya kilima cha Mavri Rachi, yaani Mgongo Mweusi, waliwasha ghala la baruti wakateketea pamoja na maadui waliokwisha kuingia.

Kilima hicho kiko karibu na kijiji. Leo kina mnara wa kumbukumbu, mawe, nyasi kavu na upepo, hivyo asiyeijua historia atapiga picha ya bahari na kuteremka zake.

Wanaopinga safari za namna hii hutoa mfano wa Spinalonga, kisiwa kando ya Krete kilichokuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma tangu 1903 hadi 1957. Majira ya kiangazi boti hushusha watu huko kutwa nzima, na nyumba walimotengwa wagonjwa huwa mandhari ya picha za likizo. Nakubali kwamba hilo linakera. Hata hivyo, Spinalonga haina mkazi hata mmoja, ilhali Psara ina wavuvi, wafugaji na watoto wa shule, na kinachoitishia si wingi wa wageni bali ni vijana kuhama. Mgeni anayelala pale, akanunua asali na kula kambakoche aliyevuliwa na mwenyeji, anasaidia kijiji kiendelee kuwapo, na bila kijiji hakutakuwa na wa kuwakumbuka wafu.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni namna kisa kinavyosimuliwa. Konstantinos Kanaris, mwana wa Psara ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliichoma kwa merikebu ya moto, yaani merikebu iliyojazwa vitu vya kuwaka na kuelekezwa kwa adui, manowari kuu ya Waosmani huko Chios mwaka 1822, akamuua amiri wao na mabaharia wengi. Kwa Wagiriki ni shujaa, na wana haki hiyo. Lakini msafiri anayesimama juu ya Mavri Rachi akiwalilia waliojilipua hana budi kukumbuka pia waliokufa ndani ya manowari ile, ambao hawana mnara kisiwani.