Igeuzeni Ndani Nje Kabla Hamjalipa

Nimerudi kutoka Nairobi juzi na hasira ambayo hata basi la usiku kucha halikuipunguza. Kushindwa si habari, kushindwa tumezoea. Kilichoniudhi ni sentimita 2.

Kijana wetu mmoja, klabuni tunamwita Dogo, anaosha magari pale Ntinda, Kampala. Alidunduliza miezi saba akanunua gi yake ya kwanza, yaani koti na suruali za kupigania jiujitsu, mchezo wa kushikana, kuangushana na kukabana, shilingi 350,000 za Uganda, nyeupe pee, nembo mabegani, nembo mgongoni, nembo hadi kwenye paja. Akaivaa mazoezini wiki tano, akaifua kama mtu anayeheshimu jasho lake, akapanda basi. Pale kwenye ukaguzi akaambiwa anyooshe mikono mbele. Mashindano yale yanafuata kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiujitsu ya Brazil: kuanzia ukingo wa mkono wa gi hadi kifundo cha mkono, pengo lisizidi sentimita 5. La Dogo lilikuwa 7.

"Badilisha, au hupigani."

Mkaguzi hakukosea, na hata sauti hakupandisha. Ndiyo maana hasira yangu haikupata pa kutua. Tukahangaika kuomba, jamaa mmoja wa Mombasa, pande la mtu, akamwazima Dogo ya kwake. Ilikuwa kama hema. Mpinzani akapata kitambaa cha kushika kila alikopeleka mkono, akavuta pindo la koti akalizungusha shingoni, na dakika ya pili Dogo akagonga mkono kukubali kushindwa.

Na siku ile Dogo alipoileta gi yake mpya klabuni, akazunguka mbele ya kioo akiuliza kama imemkaa, nani alimwambia imemkaa barabara? Mimi hapa. Niliangalia nembo, nikaangalia weupe, nikatikisa kichwa kama mzee wa baraza.

Sasa nisikilizeni. Shangazi yangu aliuza mitumba soko la Owino zaidi ya miaka ishirini. (Jina rasmi ni St. Balikuddembe, najua. Mwambie hivyo mtu wa boda aliye na haraka.) Nilikuwa nikikaa naye likizo, na sijawahi kumwona akisifu shati kwa upande wa nje. Bando likifunguliwa, kitu cha kwanza ni kuligeuza shati ndani nje. Kidole gumba kinaingia kwapani, kinasukuma. Kisha anashika mshono kwa mikono miwili, anauvuta polepole, na uzi ukionyesha meno, shati linakwenda kwenye fungu la bei ya chini. Analiinua juani kuona pamekonda wapi. Analinusa. Yote hayo kwa shati la shilingi elfu tano! Mwaka 2023 Rais Museveni aliposema mitumba ipigwe marufuku kwa kuwa ni nguo za wazungu waliokufa, shangazi alicheka akasema huyo marehemu angalau alijua kuchagua mshono.

Nchi hii imelelewa na mitumba. Kitoto cha darasa la nne kinajua jinzi iliyopauka na jinzi iliyochoka si kitu kimoja. Lakini tuleteeni nguo mpya ndani ya mfuko wa plastiki, yenye lebo inayoning'inia, na macho yote yale tuliyosomeshwa Owino yanazimika. Tunalipa laki tatu na nusu bila kuingiza hata kidole kwapani. Aibu hiyo ni yetu, na namba moja ni mimi.

Kwa hiyo igeuzeni. Gi inakufa mahali pachache na pote panaonekana kwa ndani. Kwapa ni la kwanza: hapo lazima kuwe na kiraka cha kitambaa cha ziada na mistari ya uzi inayopita zaidi ya mara moja, kwa sababu mtu akining'inia kwenye mkono wako, uzito wake wote unaishia kwapani. Zile nafasi mbili za ubavuni ambapo koti linapasuliwa kwa makusudi nazo zinataka kiraka, bila hicho mpasuko utaendelea kupanda wenyewe mpaka mbavuni. Kwenye suruali, magoti yawe na tabaka la pili linaloshuka hadi kwenye muundi, si kiduara cha mapambo. Kisha msamba. Chuchumaa dukani. Ndiyo, mbele ya watu. Muuzaji akicheka, acheke. Mimi nilishawahi kupasuka msamba mbele ya wazazi wa watoto wa Jumamosi, nikamaliza somo zima nimeegemea ukuta kama mtu anayesubiri teksi.

Kola ndiyo roho ya koti, maana ndiyo inayoshikwa. Ikunje katikati kama unayekunja chapati. Ikikunjika na kubaki imelala, ndani hamna kitu, mtu atakukaba nayo kama anakaza kamba ya viatu. Ikigoma kabisa kama ubao, hiyo nayo ni balaa, na kanuni zenyewe zinaweka mwisho: unene sentimita 1.3, upana 5. Unataka inayokunjika kwa shida na kurudi yenyewe.

Haya, maji. Hapa ndipo Dogo alipouawa, nami ndiye niliyetakiwa kumwonya. Siku ya kwanza gi ile ilimfika vizuri, naapa. Kilichotokea ni kwamba ilirudi, ikapungua. Pamba inavutwa na kunyooshwa kiwandani, inakaa imejikaza hivyo hivyo mpaka ikutane na maji, na hapo nyuzi zinavimba, zinalegea, zinajirudisha zilivyotaka kuwa. Moto ndio unaozidisha. Dogo, kwa usafi wake, alikuwa akiichemshia maji. Mkono wa sentimita 60 ukirudi kwa asilimia 5 tu, umeshapoteza sentimita 3, na kanuni inakupa 5 zote kwa jumla. Muuzaji alimwambia "hii haipungui, imeshafuliwa kiwandani." Kufuliwa kiwandani kunapunguza kurudi, hakukuondoi. Kwa hiyo ukiipima siku ya kununua na ikawa inakutosha sawasawa, jua ni ndogo. Mkono uguse mfupa wa kifundo kabisa, suruali ifike kwenye fundo la mguu, kisha maji baridi, kuanikwa kivulini, na kupima upya. Pima baada ya mfuo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Futi ya fundi wa cherehani haifiki bei ya rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai.

Halafu upana. Watu wanapenda mkono uliobana kwa kuwa unamnyima mpinzani pa kushika. Waliotunga kanuni si wajinga: mkono ukiwa umenyooshwa, kitambaa lazima kiachane na ngozi kwa sentimita 7. Mwenye mikono minene ya kubeba saruji, jipime hapo kabla ya urefu.

Na msiniletee habari za saizi. A2 ya huyu ni A3 ya yule. Herufi na namba haijawahi kupigana na mtu.

Nikubali machache, kwa shingo upande. Si kila gi ya bei kubwa ni nzuri, na si kila ya bei ndogo ni takataka. Nembo nazo hazina dhambi, zikishonwa mahali zinaporuhusiwa. Anayeanza leo asisubiri: judogi, yaani gi ya judo, ya mtumba kutoka Japani, ukiipata Owino, itakubeba mwaka mzima ingawa mikono yake mipana ni zawadi kwa mpinzani. Ila gi ya karate, hapana. Niliijaribu siku yangu ya kwanza. Mwalimu alinishika kola mara moja tu, koti likachanika kutoka kwapani hadi pindoni kwa sauti ambayo bado naisikia.

Kuna na ile nyimbo ya gramu. "Hii ni 550, nzito, orijino." Gramu kwa mita ya mraba ni uzito, kaka, siyo ubora. Kitambaa chepesi cha 350 kilichofumwa vizuri na kushonwa vizuri kitaishi kuliko gunia la 550 lenye uzi wa kushonea magunia. Na mwezi wa nne hapa Kampala, mvua inapiga kutwa, hilo gunia litakauka siku ngapi? Ukilivaa bichi linanuka, na gi inayonuka pia unaweza kurudishwa nayo mlangoni. Rangi usijisumbue: nyeupe, buluu ya kifalme au nyeusi, koti na suruali rangi moja, basi.

Dada zetu wanauziwa gi za wanaume zenye mabega ya mbeba mizigo na nyonga za mvulana, kisha wanaambiwa wakunje. Hilo lina makala yake, na likiandikwa nitatukana.

Yule muuzaji alimwambia Dogo pia kwamba ni "ya Brazil kabisa." Ndani ya koti, kwenye lebo ndogo ambayo mimi na Dogo tuliisoma kwa mara ya kwanza ndani ya basi baada ya mpaka wa Malaba, imeandikwa Pakistan. Wala hakuna ubaya. Sialkot wanashona gi nzuri sana kwa chapa kubwa za dunia, na mbovu vilevile, kulingana na anayelipa anataka nini. Ningempenda zaidi angesema tu. Kinachoniuma kidogo ni kwamba pamba Uganda tumeilima tangu 1903, inalimwa Lira, inalimwa Kasese, sehemu kubwa inaondoka ikiwa imechambuliwa tu, halafu inaturudia kwenye mfuko wa plastiki na kilo za maringo.

Jana nikaenda dukani kwake. Sikwenda kugombana. Nilikuwa na futi mfukoni, na mgeni mmoja wa klabu anayetaka kununua. Nikaomba gi moja, nikaanza kufungua mfuko.

"Aa, ssebo, usifungue. Ukifungua umenunua."

"Nitaipimaje?"

"Saizi imeandikwa hapo."

"Nataka kuona kwapa."

Akaniangalia kama nimeomba kuona kwapa lake. Mgeni wangu naye akaanza kuona aibu, akaninong'oneza tulipe tu, mbona ni nzuri, tazama nembo. Nikakunja futi yangu. Tukashuka ngazi, tukavuka barabara, nikampeleka Owino kwa binti wa shangazi, ambaye hauzi gi wala hajui jiujitsu ni mdudu gani, akae pale nusu saa aone shati linavyofunguliwa.