Mkwe fundi milango

Tangu nimeoa, baba mkwe wangu anajua mimi ni fundi milango. Kosa langu mwenyewe. Siku ya kujitambulisha kule Hombolo wazee wakauliza kijana anafanya kazi gani, nikajibu kwa kujiamini kabisa "natengeneza milango ya droni za mizigo", mzee akadaka neno moja tu, milango. Kabla sijamaliza chai nishapelekwa kuoneshwa mlango wa choo unaokwangua chini, na nikautengeneza kweli, ningefanyaje na mahari yenyewe bado nadaiwa.

Sasa kazi yenyewe iko hivi. Tuko vijana watatu, kachumba kamoja Nzuguni, mmoja anahangaika na mapangaboi na betri, mmoja programu, mimi kisanduku cha tumboni, hasa mlango wake. Watu wanaona mlango kitu kidogo. Jaribu wewe. Lazima uwe mwepesi maana kila gramu ya mlango umeinyima mzigo, usifunguke kwa mtikisiko, halafu ukiambiwa funguka ufunguke hapohapo pande zote mbili, maana upande mmoja ukigoma mzigo unaning'inia na ndege inalala ubavu.

Mi nikajiona nina akili. Nikachukua ile sevo ndogo ya bluu ya gramu 9, kamota kanakogeuza kijimkono kwa kuamriwa, yenye gia za plastiki, nikaiunganisha na pini kwa waya, ikivuta pini mlango unaachia. Yaani mzigo wote umeikalia pini, na pini inashikwa na vijishikio nilivyochapa kwa printa ya plastiki. Mezani ikafungua na kufunga mara hamsini safi kabisa. Ikiwa tupu. Hilo la tupu naomba mlishike.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi nikasema leo mzee ataelewa. Vibali vya kurusha tulikuwa navyo, msianze. Tukafika Hombolo wako kanisani, nasi tukaingia ibadani kuonesha heshima, droni nikaiacha kwenye gari, nyuma ya kioo, juani. Jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua. Ile plastiki ya kuchapia inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na ndani ya gari lililofungwa, nyuma ya kioo, hizo si za kutafuta. Ibada ilikuwa na wahubiri wawili.

Nyumbani nikampa mzee somo kwanza. Baba, Rwanda tangu 2016 hizi ndege zinapeleka damu hospitali, na hata hapa kwetu, 2018 zilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, zinavuka ziwa. Akatikisa kichwa taratibu. "Na hizo za Rwanda milango nani aliwatengenezea?"

Mama mkwe akanipa kilo moja ya unga wa uwele kwenye mfuko wa karatasi, tuubebe kutoka kwenye mizabibu tuushushe uwanjani. Nikaona vijishikio vimepinda kidogo, nikavilazimisha na bisibisi, pini ikaingia kwa kulia. Nikasema itakaa.

Ikakaa haswa! Droni ikaja vizuri, ikasimama juu ya uwanja mita tatu hivi, vumbi linatimka, watoto wanapiga kelele, nikabonyeza fungua. Kimya. Nikabonyeza tena, nasikia tu sevo inalia zzzzz kama mbu aliyenaswa. Pini imebanwa na plastiki iliyopinda halafu kilo nzima imeilalia, kale kamota kangeitoa wapi hiyo nguvu. Nabonyeza, nabonyeza, jasho. Mzee kuona hivyo akainuka na shati lake jeupe la kanisani, akachukua fimbo.

"Baba sogea!"

"Huo umekwama, unagongwa kidogo tu."

"Baba, sogea baba!"

Akasogea, ila kuja mbele. Na ndo hapo plastiki ikakatika upande mmoja. Mlango wa kushoto ukafunguka, wa kulia ukagoma, mfuko ukachanika kwenye ukingo, na upepo wa mapangaboi manne ukaupokea unga wote ukauteremsha chini. Droni nayo, kupunguziwa kilo ghafla, ikaruka juu kama imetukanwa, imelala ubavu, ikaenda kutua kwenye mizabibu.

Vumbi lilipotulia pale katikati kuna sanamu jeupe limeshika fimbo. Hakuna aliyepumua. Bibi, yule mama yake mzee ambaye macho yamepungua nguvu, akatoka jikoni, akalitazama, akaliamkia kwa adabu zote, "Mbukwa, karibu mgeni." Mke wangu akakimbilia ndani. Nilidhani analia.

Mbuzi ndo walikuja wa kwanza, wakaanza kulamba viatu vya mzee.

Hakugomba, na ndo kilichoniumiza. Akajipangusa uso, akanishika mkono mpaka zizini. Lango la zizi linafungwa na ndoano ya mti inayozunguka kwenye msumari, imekaa kwa namna kwamba mbuzi wakisukuma ndo inazidi kubana. Akamwita mjukuu wa miaka mitano. Mtoto akagusa mkia wa ndoano kwa kiganja, lango likaachia. Mzee akaniangalia. "Mbuzi ishirini, mkwe wangu."

Aisee nilisimama pale nikasahau aibu. Mzigo wenyewe ndo unabana komeo, anayefungua anagusa tu. Mi nilikuwa nimekatwisha kamota ka gramu 9 kazi ya kupigana na uzito. Nikapiga picha zizi kila upande, mzee kidogo aamini nina akili timamu.

Sasa hivi tuna ndoano ya chuma, uzito unapita karibu kabisa na msumari wake, sevo ni ileile ya bluu, inasukuma mkia basi. Milango yote miwili inashikwa na ndoano hiyohiyo moja. Tumeijaribu na kilo moja na nusu ya chumvi, ikiwa imejaa safari hii, na imeachia kila mara. Kwenye faili la kompyuta mchoro unaitwa ZIZI_3.

Jana mzee kapiga simu. Nikajua anataka kujua maendeleo, nikaanza kumweleza, akanikatiza. Mlango wa choo umeanza kukwangua tena.